Je, Ogutu Naye Atakufa kwa Sababu Yangu?

Mshauri wangu, nakusoma kila wiki na sikudhani siku moja ningekuandikia, lakini sasa hata chakula hakipiti, naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Mimi ni Peris wa Kasigau. Mwaka juzi nilikuwa mchumba wa Mwandawiro, niliyempenda tangu tukiwa kwenye kwaya, na kwetu kijana anayetaka kuoa husaidia kwanza shamba la wazazi wa msichana, basi msimu wa mahindi akawa anakuja kufukuza ndovu, na hiyo zamu ni ya watu wawili, mmoja apige debe na mwingine amulike tochi kila upande, lakini usiku mmoja kaka yangu Reuben, mwenzake wa zamu, alikuwa ameenda Maungu kuangalia mpira, Mwandawiro akabaki peke yake, ndovu akamjia kwa nyuma akamuua. Kwenye matanga Reuben alisimama akasema, "Ilikuwa imeandikwa, hakuna mtu angeweza kuzuia," watu wakaitikia, na tangu hapo mimi ndiye msichana wa nuksi. Sasa kuna Ogutu, fundi wa reli hapa Voi ninaposhona nguo, ananipenda, hilo nalijua, lakini alipokuja kujitambulisha nyumbani pikipiki iliteleza kwenye mchanga akavunjika mkono, mama akashika kichwa, "Peris, umeona? Mwache kijana wa watu aishi." Nilipomweleza Ogutu alicheka tu: "Basi mimi sitalinda mahindi, nitakuwa nikinunua unga." Jumapili anataka jibu, na kila nikimtazama namwona kwenye jeneza. Je, mtu anaweza kukimbia majaliwa yake?

Peris, Voi

Peris,

Pole, tena pole ya kweli. Kumzika uliyetaka kuzeeka naye si jambo dogo. Lia kadiri unavyotaka. Ukimaliza, pangusa macho usome barua yako upya, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio.

Zamu ni ya watu wawili. Alikuwepo mmoja. Wa pili alikuwa Maungu akitazama mpira. Halafu ni nani aliyesimama matangani kutangaza kwamba iliandikwa? Huyo huyo wa pili! Simwiti Reuben muuaji. Aliyeua ni ndovu, na huenda wangekufa wote wawili. Lakini kaka yako alihitaji majaliwa kama mtu anavyohitaji blanketi, mkamfunika vizuri, na wewe ukaachwa nje kwenye baridi.

Nimesoma hadithi nyingi za wapenzi waliotenganishwa na kifo, na zimenichosha. Kila mara tunaambiwa nyota zilikataa. Chunguza: utamkuta mtu mzima aliyechelewa, au aliyenyamaza, au aliyeogopa wazazi. Majaliwa huitwa pale watu wasipotaka kuulizana maswali. Mkishasema iliandikwa, nani atadai uzio wa kuzuia ndovu? Nani atahakikisha msimu ujao hakuna mtoto wa mtu anayelinda peke yake?

Na huo mkono wa Ogutu! Barabara hiyo ya mchanga huangusha hata wachungaji, na sidhani kuna mchungaji aliyekuposa.

Sasa fanya hivi. Nenda nyumbani Jumamosi, mchana, uketi na Reuben mama akisikia. Muulize, "Ungekuwepo, ingekuwaje?" Kisha nyamaza. Usipige kelele, wala usimsaidie kujibu. Akilia, mwache alie, amechelewa tu. Mama yako naye asikie kwa masikio yake, aache kukubebesha mzigo usio wako.

Kuhusu Ogutu: ndiyo, atakufa. Hata mimi. Hakuna mshauri anayeweza kukuahidi nani atamzika nani. Ila nimeona jambo moja. Uliandika kwamba anakupenda, na kwa upande wako ukaandika jeneza tu. Wewe unampenda? Kama ndiyo, mwambie ndiyo, ukimtazama usoni. Kama moyo bado uko kwa Mwandawiro, mwambie hivyo, hiyo ni sababu ya heshima na ataielewa hata ikimuuma. Lakini usithubutu kumwambia eti unamwokoa. Kijana wa watu ana haki ya kukataliwa na wewe, si na majaliwa.

Mama Kavinya