Picha ya Ndege Wengi Chini ya Mashine ya Kahawa

Rajabu, ndugu yangu,

Nina hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Tangu tukuzike Tunduma, kikundi chetu cha kuangalia ndege hakijavunjika. Kila Jumamosi asubuhi tunashuka mtoni kule Hasamba kama ulivyotuzoesha. Darubini yako anaitumia Enesi, yule mama mkulima uliyekuwa ukimtania kwamba anawaombea ndege badala ya kuwatazama. Anasema mpaka leo ina harufu ya sigara zako.

Sasa sikiliza walichotufanyia.

Kikundi cha wakulima wa kahawa, ambacho mimi na Enesi ni wanachama wake, kilifunga mashine ya kumenya kahawa juu kidogo ya mahali tunaposimama. Jambo jema. Lakini kahawa mbivu ikimenywa hubaki maganda na ute wenye sukari, na maji yake yanatakiwa yaingie kwanza kwenye shimo yatulie. Shimo halikuchimbwa. Bomba limeelekezwa mtoni moja kwa moja. Miaka yote tumenyooshea vidole wachimba dhahabu wa Saza na zebaki yao, kumbe uchafu wa hapa ni wetu wenyewe, tena unatoka kwenye kahawa yangu.

Jumamosi moja tulikuta ndege ambao hatujawahi kuwaona kwa wingi ule. Yangeyange walijaa ukingoni. Midiria walikuwa wanne kwenye tawi moja, wale uliowaita matrafiki kwa sababu hukaa kimya wakisubiri wa kumkamata. Enesi alipiga picha kwa furaha, akaituma kwenye simu za watu wote: "Tumebarikiwa! Mto wetu unaishi!"

Mimi nilitazama maji, si ndege. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi. Unajua nilivyo, nikaanza kueleza. Sukari ile huliwa na vijidudu, na vijidudu hao hutumia hewa iliyomo majini mpaka inakwisha. Samaki anapanda juu kutafuta pumzi, na ndege anamdonoa bila jasho. Ile haikuwa baraka, ilikuwa karamu ya msibani. Enesi alifuta picha palepale. Lakini picha ikishatumwa, imetumwa.

Kwenye mkutano wa kahawa nikasimama kudai shimo, maana kule bondeni watu wanachota maji yaleyale ya kunywa. Mwenyekiti akainua simu yake juu, ikionyesha picha ya Enesi. "Watazama ndege wenyewe hawa hapa! Wanasema mto unaishi. Sasa Mwalimu anataka tuamini macho yake au ya ndege?" Watu wakapiga makofi. Nikaanza kueleza habari za hewa na vijidudu, mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, kengele ilishagonga, kipindi kimekwisha!" Wakacheka, Rajabu. Walionicheka niliwafundisha kusoma. Shimo likaahirishwa hadi msimu ujao.

Nakukasirikia hata wewe. Ungekuwepo ungewanyamazisha kwa sauti ile uliyokuwa ukimwitia utingo kwenye foleni ya malori mpakani. Mimi sauti yangu ni ya ubaoni. Siku zote uliniambia, "Mwalimu, unaeleza vizuri mpaka watu wanasinzia," nami nikadhani ni utani.

Wiki iliyofuata samaki walielea matumbo juu. Iliyofuata hapakuwa na ndege hata mmoja, na maji yalinuka kama pombe iliyoharibika. Wajukuu wa Enesi wanaoishi bondeni wameumwa matumbo. Siwezi kuapa kwamba ni maji hayo, na nimemwambia hivyo. Akanijibu, "Mwalimu, wewe endelea kutokuwa na hakika. Mimi nina hakika."

Amekwenda kwenye mashine na kurudisha nyumbani magunia yake ya kahawa mbivu. Anamenya kwa mkono uani kwake, na maji anayamwaga kwenye shimo alilochimba nyuma ya migomba. Nami nimepeleka yangu kwake. Wengine wameanza kuuliza.

Kesho, Jumamosi, hatutabeba darubini. Tutakwenda na majembe kuchimba shimo pale chini ya bomba. Mwenyekiti ametuma neno kwamba eneo ni la kikundi na ataita mgambo. Aite. Kikundi ni sisi pia.

Mungu akurehemu, Rajabu, na ardhi ya Tunduma ikuwie nyepesi. Ninakuahidi hili: wakilifukia, tutalichimba tena, na safari hii sitamweleza mtu yeyote kitu. Mgongo wangu hauna nguvu, unaujua. Lakini jembe nimelitia mpini mpya, na mke wangu, aliyekuwa akinikataza tangu juzi, jioni hii ameleta la kwake akaliegemeza kando ya langu.

Mwalimu wako.