Kanda Niliyoijaribu Mwanzo Tu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Sisi hapa Zombo ni wazima. Mjomba wako kavuna mahindi na goti langu limetulia.

Unaniuliza utaijuaje memori kadi ya kuaminika kwa simu yako. Nilipokuwa msichana nilikwenda Kilosa mjini kununua kanda tupu, nimrekodi mama akitaja majina ya wazee wetu. Nikamwambia muuzaji, "Ijaribu kwanza nisikie." Akacheka, lakini akanirekodi. Sauti yangu ikatoka safi, nikainunua.

Mama alitaja majina hadi kanda ikajaa pande zote mbili. Nilikuja kuisikiliza kanda yote baada ya miaka, naye hakuwapo tena. Upande wa kwanza ulikuwa mzuri. Katikati ya upande wa pili mama anasema, "Na huyo alimzaa...", halafu ni mvumo tu hadi mwisho. Mpaka leo najiuliza alimzaa nani.

Basi usiijaribu kadi kwa picha moja. Ijaze mpaka ikatae, kisha ufungue picha ya mwisho kabisa. Isipofunguka, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Bibi yako,
Mwanahawa