Mwokozi Asiye na Chale

Mahurunga,
12 Februari 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje huko mkongeni? Sisi ni wazima, ila Bibi sasa hasimami mpaka ashikwe. Tangu nimalize la saba, kazi yangu ni kumuuguza.

Uliniagiza nimfundishe dini ili abatizwe kabla hajatuacha. Najaribu, lakini unanijua, mbele ya mtu maneno yananikimbia. Jana nilimwambia kwamba Yesu ni Mwokozi asiye na doa. Bibi akagusa chale za shavuni kwake.

“Hana hata moja?”

“Hana, Bibi.”

“Basi bado mtoto! Wembe aliukimbia? Mimi mzee mzima mnaniletea mtoto asiyepita jandoni aniokoe?”

Akacheka mpaka ndonya ikatikisika kwenye tundu la mdomo wake wa juu. Mimi nikakimbilia jikoni. Nimweleze vipi, Baba?

Mwanao,
Ermelinda

Tanga,
1 Machi 1973

Mwanangu Ermelinda,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi tu, usihofu. Nimecheka na mimi, kisha nikamkumbuka mama yangu na kicheko kikaisha.

Mwambie doa ni dhambi, siyo ngozi. Mwambie hivi: anayezama hawezi kumvuta anayezama. Anayevuta ni aliyesimama pakavu. Sisi sote tumo majini. Yesu angekuwa na kosa lake, angekufa kwa kosa lake, na sisi tungebaki palepale.

Nimeruhusiwa kuja, lakini barabara ya kusini imefungwa na mvua. Padri naye yuko mbali. Ukiona hali imekuwa mbaya, chukua maji safi, mmwagie kichwani, useme: “Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Mkristo yeyote anaweza. Ila akubali mwenyewe. Nataka nimkute mama yangu huko mbele.

Baba yako,
Sebastiao

Mahurunga,
20 Machi 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Bibi hali chakula tena, anakunywa uji kidogo.

Nilimwambia ule mfano wa maji. Safari hii hakutania. Akasema, “Pakavu nilisimama mimi.”

Baba, Bibi mdogo, yule mdogo wake Bibi, hakufia njiani kama tulivyoambiwa. Siku tuliyokimbia vita na kuvuka mto, mtumbwi ulibakiwa na nafasi ya mtu mmoja na mtoto wake wa kubeba. Bibi mdogo alikuwa amevimba miguu. Mimi nilikuwa na homa. Bibi akanibeba mimi. Mwenye mtumbwi aliahidi kurudi, lakini askari wa Kireno wakafika kwanza. Bibi alikuwa ng'ambo hii, anamsikia mdogo wake akimwita kwa jina.

Nikamwambia Yesu anasamehe. Akasema, “Huyo hajawahi kukosa. Atanishangaa tu.”

Nikasema, “Tubu, Bibi.”

“Nitubu nini, mjukuu wangu? Nikirudishwa pale mtoni leo, nitakubeba wewe tena. Unataka nikamdanganye msafi?”

Nitamfundishaje, na mtoto aliyebebwa ni mimi? Nijibu upesi, Baba.

Ermelinda

Tanga,
6 Aprili 1973

Mwanangu,

Naomba barua hii imkute mama yangu akiwa hai.

Sikujua. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kutembea. Nimemuuliza katekista wetu, akasema atatuombea, akaondoka.

Mimi nawaza hivi. Sisi wenye makosa tukimwona mwenzetu ameanguka, moyoni tunafurahi kidogo, tumepata wa kufanana naye. Yesu hana furaha hiyo. Kwa hiyo sidhani kama anamshangaa Mama. Nadhani anamlilia tu, na kilio chake hakina kitu kingine ndani. Mwambie hivyo. Na wewe usijilaumu, ulikuwa mtoto.

Baba yako

Mahurunga,
19 Aprili 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole. Barua yako imefika jana. Bibi tulimzika wiki iliyopita.

Maneno yako mazuri sikuwa nayo. Alipoanza kuhema kwa shida nilichota maji kikombeni, nikapiga magoti. Kwa haraka yangu nusu ikamwagika mkekani. Nikamuuliza, “Bibi, unakubali?”

Akanitazama. “Huyo wako asiyekosa,” akasema, “yeye angeuvuka tena mto?”

Nikasema, “Angeuvuka, Bibi.” Nilisema kwa sauti, Baba, mpaka majirani waliokaa mlangoni wakageuka.

“Basi mwambie amfuate mdogo wangu kwanza. Mimi nitangoja.”

Nikasubiri aseme neno la ndiyo. Hakusema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na maji yalikuwa yale machache tu. Nikamnywesha yote.

Wewe uliniambia akubali mwenyewe. Sijui kama kungoja ni kukubali. Nimebaki hapa nafua nguo zake, na hakuna wa kumuuliza ila wewe.

Mwanao,
Ermelinda