Wakili Nelima na Nyumba za Nyalenda

Mwaka umetimia, Nelima, Mama Caren wetu, tangu ulipotoka asubuhi kwenda kumwona mteja Muhoroni, usirudi.

Ulikuwa wakili, lakini majirani walikuita Nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma kwa lugha yao, jina la upendo, maana ulikula nao, ukaimba nao kanisani, ukawakemea watoto wao kama wako. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu hukuweza kumkatiza mtu anayeeleza shida yake.

Watu wa mtaa wa Nyalenda walipotishiwa kubomolewa nyumba bila notisi, ulipeleka kesi yao mahakamani. Ulisema mtu si takataka ya kutupwa nje; ana haki ya makao, na Katiba imesema hivyo. Ubomoaji ukasimamishwa hadi kesi isikizwe. Ndipo simu za vitisho zikaanza. Mumeo Ooko alikusihi uiache kesi.

"Naogopa kuliko wewe, Baba Caren," ukamjibu. "Lakini nikitoka, nani atabaki nao?"

Lori la miwa liligonga gari lako karibu na Awasi. Dereva akatoroka. Tuliambiwa ni ajali. Hatujui, na huko kutojua kunatutafuna. Hadi leo pikipiki ikisimama langoni, Ooko huchungulia dirishani mpaka iondoke.

Mawakili wawili waliichukua kesi yako, wakajiondoa mmoja baada ya mwingine. Mwezi uliopita binti yako Caren, aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa kuwa wakili, alisimama mahali pako. Ooko alimshika mkono mlangoni mwa mahakama.

"Mwanangu, nimeshazika mmoja."

"Najua, Baba. Niombee."

Mbele ya jaji, sauti ya Caren ilitetemeka tangu neno la kwanza. Ooko alitamani jaji amwambie aketi. Hakuketi. Jaji akaamua kwamba hakuna atakayeondolewa bila notisi, wala bila kusikilizwa. Nyumba zingali zimesimama.

Hatukusherehekea. Waliotaka kubomoa wamesema watakata rufaa. Tulirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, Caren katikati yetu.

Ibada yako ya kumbukumbu ni Jumamosi. Tulishauriwa tuifanye nyumbani, milango imefungwa. Ooko amekataa. Itakuwa Nyalenda, peupe, mbele ya nyumba ulizozitetea. Tunaogopa, Mama. Tutakuja.

Wanaokukumbuka ni mumeo Ooko, wanao Caren na Fabian, mama yako Nabututu, dada yako Nanyama, na majirani wote.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.