Kazi Niliyomtafutia Mwau

Mwihoko, Ruiru
19 Oktoba 2025

Mpendwa dada Nzilani,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hali yenu iko vipi huko Kanada? Shemeji Nzioka hajambo? Na Maxine, kile kifua kimepona? Sisi huku tunaamka na kulala, na watoto wanaenda shule. Mama yuko Ngoliba. Miguu inamvimba kidogo, lakini anakula.

Umeniuliza mara nyingi ndugu yetu Mwau alikufaje hasa. Nimejaribu kukueleza kwa simu, na kila mara nimekata nikisingizia mtandao. Acha niandike.

Unajua mume wangu Kahiga alikuwa dereva wa basi la shule moja ya kibinafsi hapa Ruiru. Mwezi wa Aprili cheti cha ukaguzi cha lile basi kiliisha. Sheria inataka gari la shule likaguliwe kila mwaka, na fundi alikuwa ameshasema kwamba kwa breki zile halitapita. Mwenye shule akataka wangoje likizo ya Agosti. Kahiga akakataa kubeba watoto.

“Wewe ni dereva ama ni serikali?” mwenye shule alimwuliza, na siku hiyo hiyo akamfuta kazi.

Niliudhika, dada, lakini si na mwenye shule. Niliudhika na Kahiga. Kisha nikamfikiria Mwau, miezi saba bila kazi, na leseni ya kubeba abiria anayo. Nilimpigia mimi mwenyewe. Nilimwambia aje haraka kabla nafasi haijachukuliwa.

Alikuja, akala kwetu. Kahiga akamwambia, “Usiishike hiyo gari mpaka ipelekwe ikaguliwe.”

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema watu hawali vyeti. Mwau akacheka, akaongeza chai.

Aliendesha wiki tatu. Ijumaa moja ya Mei, jioni, alimshusha mtoto wa mwisho kule Murera, akaanza kurudi peke yake. Kwenye mteremko breki zikakataa. Chini kulikuwa na akina mama wanaouza mboga kando ya barabara. Mmoja wao alinisimulia kwamba Mwau alitoa kichwa dirishani akiwapigia kelele watoke, halafu akakata kona na kuliingiza basi kwenye ukuta wa mawe. Hakuna mama hata mmoja aliyeumia. Yeye alikata roho njiani kupelekwa hospitali.

Maofisa wa usalama barabarani walikuja wakakagua magari yote ya ile shule. Mawili kati ya matatu yalizuiwa. Mwenye shule ameshtakiwa, na kesi iko mahakamani Thika.

Wiki iliyopita Kahiga alitoa ushahidi. Wakili wa mwenye shule alimwuliza ni nani aliyempeleka marehemu kwenye kazi ile. Kahiga akasema habari za kazi husambaa tu midomoni mwa watu. Alikuwa amekula kiapo, dada, na hakunitaja. Nyumbani pia hajawahi kuniambia kwamba alinionya. Ningependa aniambie.

Siku ya mazishi Mama alinishika mikono kando ya kaburi, akanishukuru mbele ya watu. Alisema angalau mwanawe amekufa akiwa na kazi, na kazi yenyewe alitafutiwa na dadake. Nikajibu, “Asante, Mama.” Hajui kwamba nilikuwa nimeonywa. Kila Jumamosi naenda Ngoliba nikiwa nimejiandaa kumwambia. Namwoshea vyombo, namkanda miguu, narudi.

Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie, nimweleze au ninyamaze? Na kama ukishasoma haya utashindwa kunijibu, sitakulaumu.

Kahiga anawasalimu. Shangazi Kanini pia, na anamkumbuka Maxine katika maombi. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na awarudishe kwetu mkiwa wazima wote.

Mdogo wako, anayekupenda hata ukimkasirikia,
Ndunge