Toeni Jiko Chumbani kwa Anjela

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua isiyoanza kwa kuuliza hali ni ya mtu asiyelelewa, na wewe ulinilea. Leo nisamehe. Teresia, dada yangu, wewe unayemsomea Mama: weka karatasi hizi chini, nenda chumbani kwa Anjela, toa lile jiko la mkaa nje, ufungue dirisha. Kisha rudi.

Umerudi? Haya. Mama, hamjambo wote? Mke wangu Anjela na binti yangu niliyemjua kwa barua wanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimeponea chupuchupu, na ndiyo habari yenyewe.

Mji huu wa Urusi ya kaskazini nilikoletwa kusomea kazi ya bwana afya ni mji wa kuyeyusha shaba. Hata sasa, mwezi wa Juni, theluji bado imelala mitaroni, na mabomba ya joto yamefungwa, eti ni kiangazi. Kiwanda kinatoa moshi wenye harufu ya kiberiti. Upepo ukiushusha mjini, redio inatangaza watoto wasitoke na madirisha yafungwe. Mwalimu wetu, daktari wa kike wa makamo, alitufundisha kuziba mianya kwa karatasi na gundi ya unga. Nililipenda sana somo hilo. Ndiyo maana nikawaandikia, kwa kiburi cha msomi, kwamba nyumba yetu mpya ya bati nayo izibwe kati ya ukuta na paa, ukungu wa mlimani usimpige mzazi na kichanga chake.

Wiki iliyopita moshi ulishuka. Baada ya chakula cha mchana nikaziba chumba. Baridi ikanikaa mgongoni. Wenzangu walikuwa wamechoma nyama uani, nikachota mkaa wao uliobaki kwenye karai, mwekundu, hauna hata moshi, nikauingiza ndani. Nilijiambia Mchagga amezaliwa pembeni mwa moto, utamfanya nini? Nikajilaza na kitabu. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni ile harufu ya kiwanda. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa, nikaanguka sakafuni. Ndugu Hamisi, kijana wa Majengo pale Moshi mjini, ninayekaa naye chumba kimoja, alirudi kuchukua daftari alilosahau. Alivunja dirisha kwa kiti. Bila daftari lile mngeletewa maiti.

Daktari alinifokea mpaka machozi yakamtoka. "Nilikufundisha kuzuia sumu ya nje," akasema, "wewe umeipika ndani!" Kumbe mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu, haionekani wala hainuki. Moshi wa kuni hukuliza, ukakimbia. Hewa hii ya mkaa hukulaza usingizi.

Siku mbili baadaye barua yenu ikafika, imekaa njiani wiki tatu. Mmesema mmeziba kila tundu kwa magunia, kama nilivyoagiza. Anjela yuko chumba cha ndani na jiko haliondoki, kama ilivyo desturi ya mzazi. Anaamka kichwa kinamuuma, mnadhani ni kwa kuwa anakataa kunywa mtori wa ndizi. Mtoto halii, analala tu, na mnamsifu kwa upole wake.

Mama, niliogopa kuliko siku ile nilipolala sakafuni mwenyewe. Najua Bibi alikuwashia moto uliponizaa, lakini ile ilikuwa nyumba ya nyasi, inapumua kila upande. Hii ya bati nimeiziba mimi, kwa kalamu, nikiwa huku mbali.

Nimepeleka simu ya maandishi, ila huenda ikalala posta ya Moshi hadi mtu wa parokia ashuke kuichukua. Kwa hiyo barua hii nimempa Hamisi, anayerudi likizo. Nimemwapisha asikanyage kwao Majengo kabla ya kufika Marangu. Ndiye huyo aliyeketi mbele yenu na vumbi la basi. Muulizeni alinikutaje.

Joto lisikosekane. Mtoto alale kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Pasheni jiwe jikoni, mlifunge kwa kitambaa, mliweke miguuni pa Anjela. Magunia yatoeni. Na mtori uendelee, hapo sina ugomvi.

Nakusikia ukisema, "Tangu lini mwanamume akaamuru moto wa mzazi?" Kweli, si mahali pangu, wala siamuru. Fungua ile bahasha ndogo. Ndani kuna jani la sale nililochuma mpakani mwa kihamba chetu cha migomba siku niliyoondoka, nikalihifadhi kwenye Biblia, maana aliye mbali hakosi kukosea. Limekauka, lakini ni sale. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aliyeletewa sale hakatai kusamehe. Nimewakosea kwa kuwafungia hewa. Naomba msamaha, na naomba jiko lisirudi chumbani.

Nisalimie Baba Mkubwa, na Bibi, mwambie moto wake haukuwa na kosa. Anjela, pole mke wangu. Jina la mtoto chagueni ninyi.

Hamisi akishuka Moshi atanipigia simu ya maandishi. Sihitaji maneno mengi. Mtoto akilia, msimnyamazishe upesi, Hamisi amsikie kwanza, kisha aniandikie neno moja tu: analia.

Mwanao anayesubiri,
Aloisi