Kiwanja cha Nyuma ya Ghala

Mabibo, Dar es Salaam
14 Juni 1992

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wewe na mama mkiwa na nguvu, na mguu wake usiwe unamsumbua sana na hiyo baridi ya Juni. Sisi tu wazima, ila mjukuu wako Herieth ana kikohozi. Nyumba tunayopanga iko bondeni, na masika hii maji yaliingia mpaka kitandani. Siyo ya mvua peke yake, baba, na ya chooni pia. Coleta alimbeba mtoto mgongoni siku mbili bila kumshusha.

La pili, shirika limetupunguza kazini. Wametupa kiinua mgongo na kutuambia tujitegemee, maana siku hizi kila kitu ruksa, hata njaa. Nimeamua kurudi nyumbani. Nataka kujenga pembeni mwa mji wa Sumbawanga, siyo huko Mpui, kwa sababu nitaweka mashine ya kusaga, na mashine inataka umeme na wateja.

Viwanja viko viwili. Kimoja ni kile cha baba mdogo Zenon, kule juu mlimani. Kingine kiko nyuma ya ghala la chama cha ushirika, hapohapo ulipofanya kazi. Nasikia chama kimefilisika na eneo lote linakatwa viwanja. Nakuomba upande basi ukanitazamie vyote viwili. Tazama maji yanapita wapi wakati wa mvua, kama kuna tanuru za matofali za kutupa moshi, na kama choo cha jirani kiko juu ya mahali pa kuchimba kisima. Mimi nimeshalala ndani ya maji machafu, sitaki mwanangu alale tena. Kiinua mgongo hakitolewi mara mbili, kwa hiyo nalitegemea jicho lako.

Mwanao,
Raymond


Mpui
20 Julai 1992

Mwanangu Raymond,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Felisian, dereva wa lori la mahindi. Mama yako anakusalimu, mguu wake una siku zake. Mpe pole Coleta kwa hayo mafuriko, na mjukuu wangu mchemshieni majani ya mkaratusi ajifukize.

Sumbawanga nimekwenda. Kiwanja cha Zenon kina mawe, na upepo wa kule unaujua, ukiamua kubeba bati unabeba. Maji ni kuteremka mpaka kijitoni. Lakini ni ardhi safi, haijawahi kuguswa na mtu. Hicho ndicho uchukue.

Cha nyuma ya ghala kiache. Ni tambarare, ndiyo, barabara iko karibu na nguzo ya umeme imesimama palepale. Lakini umande wa Juni unatuama pale mpaka saa nne asubuhi, na kikohozi cha mtoto hakitapona. Halafu radi imeupiga mkaratusi wa pale mara mbili. Nimekuwa mtunza ghala pale miaka kumi na tisa. Nikikuambia hapafai, jua hapafai.

Baba yako,
Maximilian


Mabibo
6 Septemba 1992

Baba,

Shikamoo, na mama pia mfikishie. Kikohozi cha Herieth kimepungua. Coleta ana mimba ya miezi mitatu, na ndiyo maana nina haraka.

Usinikasirikie kwa nitakayoyasema. Nimechambua sababu zako kama mtu anavyochambua maharage, nimebaki na mkono mtupu. Umande upo Ufipa nzima. Radi hupenda mahali pa juu, kwa hiyo ingemtafuta Zenon kwanza. Kule mlimani Coleta atapanda na ndoo kichwani na mimba tumboni, wakati cha nyuma ya ghala fundi ameniandikia kwamba maji yako mita sita tu. Mimi nimekuuliza habari za hatari, wewe unanijibu habari za hali ya hewa.

Coleta ameniuliza kwa nini kiwanja kizuri ndicho kibaya na kiwanja cha ndugu yako ndicho kizuri. Nami nakuuliza hilohilo. Kama ni kumsaidia baba mdogo auze mawe yake, niambie, nitaelewa. Kama kuna sababu nyingine, naomba moja tu yenye uzito.

Mwanao,
Raymond


Mpui
30 Oktoba 1992

Raymond,

Marahaba. Sisi wazima.

Sikuzoea kuulizwa sababu. Baba yangu aliponiambia usivuke mto, sikuvuka, na mpaka anakufa sikujua kulikuwa na nini ng'ambo. Wewe umekaa mjini, unataka maelezo. Haya, chukua hili.

Mwaka 1986 mama yako alilima nyuma ya ghala, wake wa wafanyakazi walipewa vipande. Alilima kwa ntumba kama tunavyolima siku zote. Machi alikata majani na kuyafukia kwenye matuta ya duara, akapanda maharage juu yake. Maharage yalitoka manjano. Novemba alipovunja yale matuta ili autandaze udongo, majani yalikuwa vilevile alivyoyafukia, hata kuoza hayakuoza. Hakukuta mnyoo wala mchwa. Alikuja nyumbani akaniambia, "Ardhi ile haili kitu." Tangu siku hiyo hakurudi pale na jembe.

Mfipa anayeona majani yamekaa miezi minane ardhini bila kuoza haulizi zaidi. Zenon hanipi kitu.

Baba yako,
Maximilian


Mabibo
11 Januari 1993

Baba na mama,

Shikamooni. Heri ya mwaka mpya.

Nimelipia kiwanja cha nyuma ya ghala. Barua yako niliwasomea wenzangu tuliopunguzwa pamoja, wakacheka, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe. Mimi sipandi maharage, baba, napanda nyumba. Ofisi ya ardhi imepima na kugonga muhuri, na huko hakuna aliyenitajia mnyoo.

Mtoto atazaliwa Machi. Tutasafiri akishapata nguvu. Njoo utubarikie msingi.

Raymond


Sumbawanga
2 Aprili 1995

Baba,

Shikamoo. Sitakudanganya kwamba huku wazima.

Najua mama amekueleza mengine, lakini mengine hakuyaona. Yule wa kiume aliyezaliwa Dar, Clemens, ndiye peke yake asiye na neno, labda kwa kuwa bado ananyonya. Mimba aliyoipata Coleta hapa ilitoka ikiwa ya miezi mitano, na ya pili hivyohivyo. Kuku wanaoparua nyuma ya jiko hawamalizi mwezi. Mvua ikinyesha sana, maji ya kisima yanatoa harufu kama ya mafuta ya taa, mvua ikikatika harufu inaisha, nasi tunanywa. Herieth ana miaka saba sasa. Tangu Krismasi mikono inamtetemeka, kikombe hakishiki vizuri, na mara mbili ameanguka shuleni akakakamaa. Majirani wanasema tumerogwa kwa sababu ya mashine, eti wivu. Nimempeleka hospitali, wakampa vidonge vya kifafa.

Kuna jambo linanisumbua kuliko yote. Mama amekuja kwetu mara nne, na mara zote amekuja na dumu la maji kutoka Mpui. Mwanamke mwenye mguu mbovu anapanda lori na maji, anakuja kwenye nyumba yenye kisima. Nilipomuuliza alisema, "Baba yako kasema mtoto anywe haya." Na wewe mwenyewe hujakanyaga kwangu hata siku moja. Sasa sikuulizi kama mwana anavyomuuliza baba yake. Nakuuliza kama mtu anayeuguliwa. Kwa nini unatuma maji?

Mwanao,
Raymond


Mpui
9 Mei 1995

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na karatasi zote mama yako amewashia moto.

Mwaka 1984 tulikuwa na mapipa ya dawa ya wadudu ya kuhifadhia mahindi. Yalikuja mengi kuliko mahindi yenyewe, yakakaa mpaka muda wake ukapita, mengine yakaanza kuvuja. Wakaguzi walikuwa njiani kutoka Dar. Bwana meneja aliniita akasema mapipa yale yasionekane. Jumapili moja, watu wakiwa misani, mimi na vibarua wawili tulichimba shimo nyuma ya ghala tukayafukia yote. Mengine tuliyatoboa ili yalale vizuri. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba yalitumika vijijini. Vibarua wote wawili wameshakufa, na sijathubutu kuuliza walikufa na nini. Bati zilizoko juu ya kichwa changu ninapokuandikia ni asante ya Jumapili ile.

Mama yako alipovunja ntumba zake nilijua. Sikumwambia mpaka ulipohamia. Ndipo akaanza kubeba maji.

Utauliza kwa nini sikukuambia wewe. Niliogopa kufungwa, hilo ni kweli, lakini siyo lote. Niliona aibu, Raymond. Tangu ukiwa mdogo nilikuchapa kwa uongo mdogomdogo, ningeanzaje kukuambia wangu. Nikaona mimi ni baba yako, neno langu litatosha. Nikakupa umande, nikakupa radi, nikakupa hata majani ya mama yako, kila kitu isipokuwa lile shimo. Ulipoandika kwamba umelipia, nilishika kalamu siku tatu, nikaiweka chini. Nikajidanganya kwamba mita sita ni mbali.

Fukia kisima. Hameni. Zenon nimempigia magoti, atakupa kiwanja chake bure. Mlete mjukuu wangu huku. Nitakwenda kwa mkuu wa wilaya mwenyewe nikaseme, ukinitaka niseme. Nasubiri neno lako.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo,
Maximilian


Sumbawanga
27 Agosti 1995

Mzee Maximilian,

Barua yako niliipata Mei. Miezi yote hii nilikuwa natafuta namna ya kuanza, nikaona nianze bila salamu.

Coleta nilimsomea. Hakulia. Alifungasha, akawachukua Herieth na Clemens, akapanda lori la Kipili kwa wazazi wake. Ameniambia nisimfuate mpaka nitakapokuwa na mahali ambapo baba yangu hakupagusa. Daktari wa misheni nilimweleza habari ya mapipa. Akasema huenda ni dawa, huenda siyo, kipimo hana, na mtoto akishaanza kukakamaa hivyo anaweza kuishi nayo miaka mingi. Herieth haandiki tena. Alikuwa wa pili darasani.

Kiwanja cha Zenon sikitaki. Kwa mkuu wa wilaya usiende kwa ajili yangu. Miaka mitatu iliyopita ungekwenda nyuma ya ghala tu, ukanyoosha kidole.

Nyumba nimeiuza juzi. Mnunuzi anaitwa Nestory, ametoka kaskazini huko na ng'ombe wake, amechoka kuhamahama, anataka watoto wasome. Anao sita. Alizunguka nyumba yote, akagonga kuta, akatazama choo kiko wapi na maji ya mvua yanapita wapi, kama nilivyokuomba wewe utazame. Nilihitaji fedha yake ili Herieth atibiwe Dar. Alichota maji kisimani akanywa, akayasifu kwa ubaridi. Kisha akaniangalia usoni akaniuliza, "Ndugu yangu, mahali hapa pana ubaya wowote?"

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikamwambia umande wa Juni unatuama kidogo, na radi iliwahi kuupiga ule mkaratusi.

Raymond Maximilian